Ottilia Aliyeongoza Ndege kwa Masikio

Mmekuja kumzika nani? Nauliza hivyo kwa sababu tangu juzi, pale nyuma ya jiko tunapochambua mchele, nimesikia kwa masikio yangu watu wakinong'ona kwamba ndiye huyu aliyeangusha ndege, na muda si mrefu mtu yule yule ananikumbatia, analia, ananiambia dada yako alikuwa malaika. Hawezi kuwa wote wawili. Kama ni yule aliyeangusha ndege basi mmekosea msiba, na kama ni malaika mimi simjui, maana niliyelala naye kitanda kimoja utotoni alikuwa anakoroma, anapenda ubishi, na hakuwahi kumwachia mtu kichwa cha samaki.

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani, na nyote mlioacha kahawa zinaiva mashambani mkaja kutusindikiza, poleni na ahsanteni. Naitwa Asteria, ni mdogo wake marehemu, na kikao cha familia kimenituma nisome historia yake kwa masharti mawili, kwamba isizidi ukurasa mmoja, na kwamba mwaka 2021 niuruke. Ukurasa mmoja umenishinda. Na mwaka 2021 haurukiki, kwa sababu ndio uliomuua, ingawa alichukua miaka minne kumaliza kufa.

Marehemu Ottilia Wendelin Ndunguru alizaliwa hapa Mkumbi tarehe 6 Aprili 1983, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Wendelin Ndunguru, mkulima wa kahawa, na mama yetu, ambaye alikuwa mtu wa ziwani, Kihagara, na ambaye mpaka anaingia kaburini hakuizoea baridi ya huku wala kazi ya kuchimba ngoro, haya mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, alikuwa akisema Wamatengo hawalimi, wanafuma mkeka mlimani halafu wanapanda maharage juu yake.

Mwaka 1991 mama aliugua, na Ottilia akateremshwa Kihagara kulelewa na dada yake mama, mama mkubwa Walburga, huyu aliyekaa hapa mbele karibu na jeneza. Huko ndiko alikosoma shule ya msingi kuanzia mwaka huo hadi mwaka 1997, na huko ndiko alikokula sahani moja na Bernadi, mtoto pekee wa mama mkubwa, aliyemzidi miaka minne, na ambaye kwetu hatumwiti binamu, ni kaka yetu, basi. Jirani mmoja wa Kihagara alinikumbusha jana kwamba wale watoto wawili walikuwa wanapigana kila siku kugombea ukoko, na mgeni yeyote akimchapa mmoja, wote wawili wanamrukia. Naomba mkumbuke hivyo, msije mkadhani nasimama hapa kwa chuki.

Aliendelea na masomo ya sekondari katika shule ya wasichana ya masista kuanzia mwaka 1998 hadi 2001, kisha kidato cha tano na cha sita Songea, akamaliza mwaka 2004, na mwaka 2006 akachaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea kazi ya kuongoza ndege, jambo lililomfanya marehemu baba azunguke kijiji kizima akitangaza kwamba binti yake anakwenda kuwa rubani, na hata alipoeleweshwa mara tatu kwamba si rubani, alijibu kwamba anayemwongoza rubani ni mkubwa kuliko rubani, na hapo hakuna aliyembishia.

Tarehe 1 Julai 2008 aliajiriwa na kupangiwa kazi katika mnara wa kiwanja kimojawapo cha ndege cha ukanda huu. Jina la kiwanja silitaji, si kwa woga, ni kwa sababu aliyekosea si mnara.

Sasa hapa lazima nieleze kazi yenyewe, maana wengi wenu mnadhani mwongoza ndege ni yule anayesimama uwanjani akipunga vijiti viwili vinavyowaka. Huyo ni mwingine. Dada yangu alikaa juu, ndani ya chumba cha vioo, amevaa vipokea sauti masikioni, na mnara wake haukuwa na rada, kwa hiyo ndege iliyokuwa mbali, huko juu ya milima au juu ya ziwa, yeye hakuiona kabisa, aliisikia tu. Rubani anamwita, anasema mimi ni fulani, niko juu ya mahali fulani, futi kadhaa, naelekea kule, naye Ottilia anamwambia baki hapo hapo juu, au shuka, au subiri mwenzako apite, na rubani analazimika kurudia alichoambiwa neno kwa neno, ili ijulikane amesikia nini, na akirudia vibaya anasahihishwa palepale. Ndivyo kazi ilivyo. Ndani ya wingu, kinachozuia ndege mbili zisikutane ni maneno ya watu, na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti akiyaamini.

Halafu fikirini sisi tulivyo. Nani hapa hajawahi kupigiwa simu akajibu niko stendi, nakata kona, naingia hapo sasa hivi, wakati bado yuko ndani anatafuta soksi? Msicheke, au chekeni, lakini mjue kwamba Ottilia alilipwa mshahara kwa kuamini watu wa aina yetu. Alikuwa anasema marubani wa mashirika hawamsumbui, wanasema walipo kwa sababu ofisi zao zinawafuatilia, wanaomtoa jasho ni wale wenye ndege zao binafsi, matajiri wawili watatu wa ukanda huu, ambao wanaiendesha ndege kama wanavyoendesha Prado, na wanaongea na mnara kama wanavyoongea na mlinzi wa getini.

Ndoa. Tarehe 25 Septemba 2010 marehemu alifunga ndoa takatifu hapa hapa parokiani na ndugu Dastan Komba, afisa uvuvi, mtu mpole kupita kiasi, ambaye kwa miaka kumi na minne nimemsikia akipandisha sauti mara moja tu, nayo nitaifikia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Herieth, aliyezaliwa mwaka 2012, na Praygod, aliyezaliwa mwaka 2015, na wote wawili wapo hapa, wamevaa masweta aliyoyafuma mama yao kwa mkono mmoja, baada ya ule mwingine kukataa.

Sasa ugonjwa. Ugonjwa wake haukuanzia kwenye damu, ulianzia angani.

Kaka yetu Bernadi, baada ya biashara ya malori na kukoboa kahawa kumkubali, alikwenda kujifunza urubani nje ya nchi, akarudi na leseni, na baadaye akanunua ndege yake ndogo. Sote tulifurahi, mimi nilikuwa wa kwanza kupanda, nikatapika. Na tangu siku ya kwanza Bernadi alikuwa na mtindo wake, kwamba kila anaposhuka na ufuo wa ziwa kutoka kaskazini, akifika Kihagara anaacha njia aliyopewa, anainamisha bawa, anazunguka juu ya nyumba ya mama mkubwa mara moja au mbili, mama mkubwa anatoka uani anapunga kitenge, halafu ndege inaendelea na safari. Akauita mtindo huo kupiga hodi. Kijiji kizima kiliupenda, watoto walikimbia na ile ndege, na mimi mwenyewe niliwahi kuusimulia chuoni ninakofundisha kama mfano wa mtoto anayemkumbuka mama yake.

Ottilia hakuupenda. Na si kwa wivu, kama ilivyosemwa baadaye. Tatizo lilikuwa kwamba mtu anayezunguka juu ya paa la mama yake hawezi kuuambia mnara anazunguka juu ya paa la mama yake, kwa hiyo Bernadi alikuwa anataja mahali ambapo angekuwa amefika kama asingezunguka. Yuko Kihagara, anasema yuko Lipingo, na Lipingo, kwa ninyi msiopajua, iko mbele zaidi, kusini. Mwezi Januari 2021 Ottilia alimkamata katika uongo huo, kwa sababu alimsikia anasema amefika kiwanjani wakati mlinzi wa kiwanja kidogo cha nyasi alikokuwa akienda kutua anasema kwa simu haoni ndege yoyote, na mfanyakazi mwenzake amenisimulia walivyojibizana.

"Sema ulipo."

"Nipo njiani, mdogo wangu, punguza presha."

"Humu hakuna mdogo wako. Sema ulipo."

"Mama alikuwa na hamu na mimi bwana. Nawe si umekula kwake, au umesahau?"

"Kaka Bernadi, angani hakuna hodi. Siku moja utaniulia mtu."

Alicheka. Wale waliokuwa zamu nao walicheka, na nisiwafiche, Ottilia naye aliporudi nyumbani alimsimulia mumewe akicheka, kwa sababu huyo ndiye kaka yetu, na nani anaanza kumshitaki kaka yake kwa sababu anampenda mama yake?

Alhamisi, tarehe 11 Machi 2021, wingu lilikuwa limelala kutoka milimani mpaka ziwani, na marubani walikuwa wamesema kwamba penye uwazi wa kushukia ni Kihagara tu. Ndege mbili zilikuwa zinashuka na ufuo. Ya mbele ilikuwa ya Bernadi. Ya nyuma ilikuwa ndege ndogo ya huduma za afya, rubani wake akiwa marehemu Ignatio, pamoja naye muuguzi, marehemu Hasna, binti wa mzee Abdulmajid, na walikuwa wanapeleka damu katika hospitali moja ya ufuoni. Ignatio aliomba kushuka. Ottilia hakumruhusu mpaka ajue Bernadi yuko wapi, kwa sababu hangeweza kuwaweka wote wawili kwenye tundu moja la wingu.

Akamwuliza Bernadi. Bernadi akajibu kwamba ameshashukia Kihagara na kuipita, yuko Lipingo, chini ya wingu. Akamwuliza mara ya pili, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu aliacha Kiingereza cha kazi, akaacha na Kiswahili, akamwuliza kwa Kinyasa, kwa lugha waliyogombania ukoko, kaka, uko wapi kweli? Na hilo la Kinyasa lilikuja kuhesabiwa kosa lake la kwanza, kwamba alivunja utaratibu wa lugha. Bernadi akajibu, sauti yake ipo kwenye kumbukumbu za mnara na wachunguzi waliisikiliza, "Lipingo, mdogo wangu, au unataka nikutumie picha?"

Angefanya nini? Niambieni ninyi mnaonong'ona. Hana rada, ana neno la mtu, ameuliza mara tatu, na huku nyuma kuna damu inayosubiriwa na mgonjwa. Akamruhusu Ignatio ashuke Kihagara. Ignatio akarudia maagizo neno kwa neno, sawasawa, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Sauti yake iliyofuata haikuwa ya kuuliza wala kurudia. Alisema kuna ndege mbele yangu, Kihagara, kuna ndege, na hapo ikakatika.

Ottilia alimwita. Aliendelea kumwita. Alimwita kwa jina la ndege kama utaratibu unavyotaka, akamwita kwa Kiswahili, akamwita Ignatio, akamwita Ignatio baba nijibu, nijibu tu hata kwa kubonyeza kitufe, na wenzake walipotaka kumvua vile vipokea sauti aliwang'ata, ndiyo, aliwang'ata, mmoja wao yupo hapa leo na ananitazama. Alipomwita Bernadi, Bernadi alijibu kwa sauti ndogo kwamba yeye huko hayuko. Wakulima wa muhogo waliikuta ile ndege ya huduma mlimani juu ya Kihagara. Hakuna aliyepona.

Uchunguzi ulifanyika, na nitausema kwa kifupi kwa sababu akili yake ilikuwa fupi. Kama Bernadi alikuwa Lipingo, basi Kihagara hapakuwa na ndege nyingine, na kama hapakuwa na ndege nyingine, basi Ignatio aliona kivuli cha wingu, akaogopa, akageukia mlimani, na aliyemshusha kwenye hali hiyo ya hewa ni mwongoza ndege. Bernadi alisema kifaa chake cha kuonyesha njia kilikuwa kimeharibika siku hiyo. Mvua ilikuwa imewafungia watu ndani na wengine walikuwa mashambani, waliosikia muungurumo hawakujua ni wa ndege moja au mbili. Iliyobaki ni nyumba ya mama mkubwa, iliyo juu ya kilima, peke yake, ambayo mtu akisimama uani anaona ufuo wote.

Lakini mama mkubwa macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho kwa miaka mingi, mwishoni ile hodi alikuwa anaisikia tu, anapunga kitenge kuelekea kwenye sauti. Bernadi alikuwa amempeleka kufanyiwa upasuaji mwanzoni mwa mwezi ule wa Machi, na tukaambiwa haukukubali. Kwa hiyo wachunguzi walipomwuliza kama aliona ndege, aliwajibu, "Baba zangu, mimi sina macho, niulizeni harufu." Wakacheka, wakanywa uji, wakaondoka.

Mwezi Novemba 2021 Ottilia aliondolewa kazini kwa uzembe. Neno ni hilo, uzembe. Magazeti yaliandika mwanamke aangusha ndege, na mtu fulani mwenye gari zuri akawaambia watu wa Mbinga mjini, alikokuwa akiishi Ottilia, kwamba kazi kama zile zinahitaji wanaume. Mzee Abdulmajid, ambaye dukani kwake Ottilia alikuwa akinunua sare za watoto, alianza kuvuka barabara kila akimwona anakuja. Simlaumu mzee. Kama ningekuwa nimemzika Hasna, mimi ningeokota mawe.

Ottilia hakutaka kazi irudi. Kitu alichotaka ni kimoja, nacho alikitaka kila siku aliyoamka, kwamba mtu mmoja aseme ndege ya Bernadi ilikuwa wapi, ili baba yake Hasna na wazazi wa Ignatio wajue watoto wao walikufa kwa nini. Mwezi Mei 2022 alishuka Kihagara. Bernadi alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, akamwambia kila mtu ana msalaba wake. Akaenda kwa mama mkubwa, akapiga magoti, mimi nilikuwepo, akamwambia mama, mimi najua alikuja kukupigia hodi, wewe unamjua mlio wake kuliko mtu yeyote, sema tu ulimsikia, hata kusikia kunatosha. Mama mkubwa alinyoosha mikono, akampapasa uso, akamwambia, "Mwanangu, ningeona ningesema."

Tulipanda kurudi Mbinga.

Tarehe 19 Agosti 2023 marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na maneno yakampotea yote, yeye aliyekuwa akila kwa maneno. Yalibaki mawili. Alikuwa anauliza "Yuko wapi?" Daktari akimpima, yuko wapi. Mtoto akimlisha, yuko wapi. Mume wake alidhani anayeuliziwa ni yeye, akawa anajibu nipo hapa, mama Herieth, nipo, na siku moja tu, ile niliyowaahidi, Dastan alipandisha sauti, akapiga ukuta kwa ngumi na kulia, "Si mimi anayemtafuta! Mleteni huyo anayemtafuta!" Bernadi alipigiwa simu. Alisema yuko njiani.

Shinikizo la damu liliendelea kumsumbua, akalazwa mara kwa mara, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 marehemu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Ameacha mume, watoto wawili, ndugu wanne, na swali lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokuwa wakimjibu alipouliza, ingawa hawakujua wanaulizwa nini. Inawashukuru majirani wa Mkumbi na wa Mbinga mjini kwa kuni, maji, maharage na kulala nasi chini. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa mnara, mliokuja kwa usafiri wenu wakati ofisi haikutuma hata shada. Inamshukuru mzee Abdulmajid, aliyekaa kule mwisho chini ya mparachichi, ambaye hakuna aliyemwalika, na amekuja. Na inamshukuru kaka Bernadi kwa jeneza, turubai, viti na magari, vyote vizuri, hakuna kilichopungua.

Hapa desturi inanitaka nimuage marehemu kwa kumtakia usingizi mwema. Siwezi. Siwezi kumwambia alale mtu ambaye nimekaa naye miezi ishirini na mbili anauliza kitu kimoja na sisi tunamjibu kwa uji. Kaka Bernadi, umevaa miwani nyeusi lakini najua unaniona. Sikuulizi kama mahakama, wala sina ushahidi, nakuuliza kama yeye. Siku ile ulikuwa wapi?

*

Mpaka hapo ndiyo niliyosema pale msibani. Yanayofuata nimeyaongeza baada ya maziko, kwa ajili ya ndugu waliokuwa mbali na walioniomba nakala, kwa sababu kila mmoja ameshaanza kuyasimulia kwa namna yake.

Bernadi alisimama. Alivua miwani, akapokea kipaza sauti, akasema kwamba msibani si mahali pa kutafuta mchawi, kwamba dada yake Asteria ana uchungu na yeye anauelewa uchungu huo, na kwamba yaliyopita tumwachie Mungu. Aliongea vizuri. Wazee wawili wakaitikia amina. Baba Paroko akaangalia saa, na vijana wa kubeba jeneza wakaanza kusogea, na mimi nikakunja karatasi zangu nikijua kwamba imekwisha, kwamba tutamfukia hivyo hivyo.

Ndipo mama mkubwa Walburga akaanza kuinuka kwenye kiti chake. Mke wa Bernadi, ambaye ndiye humshika mkono na kumwongoza, akamdaka kiwiko, akamwambia kaa mama, utaanguka, unakwenda wapi?

"Niache. Njia naiona."

Wengi hawakusikia. Walichokiona ni bibi kizee akipita katikati ya viti bila fimbo, akiinua mguu kuvuka kamba ya turubai, akizunguka sufuria ya maji iliyoachwa njiani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, akaisogeza picha ya Ottilia iliyokuwa imekaa upande, akaiweka sawa. Bernadi akasema, "Mama, hapana." Alisema kwa Kinyasa. Mama mkubwa hakumjibu kwa Kinyasa, alijibu kwa Kiswahili, akiwa amemgeukia mtu aliyekaa kule mwisho chini ya mparachichi.

"Mzee Abdulmajid, sogea, baba, usikie vizuri, maana sina nguvu ya kurudia. Macho yangu yalipona. Kitambaa nilitolewa Jumatatu, ndege ikaanguka Alhamisi. Mimi ndiye niliyempigia simu Bernadi, nikamwambia miaka yote hii nakusikia tu unaunguruma, sasa naona, njoo nikutazame. Hakutaka, alisema hali ya hewa mbaya. Nikamwambia kwani mimi nitaishi mpaka lini?

"Akaja. Akazunguka, nikampungia. Alitaka kuondoka, nikampungia tena arudi, akarudi. Ndipo nikaiona nyingine inatoka kwenye wingu. Nilimwona mwenye ile ndege anavyokata kona kumkwepa mwanangu. Niliona ilipokwenda. Nilikuwa na macho mapya, baba, niliona kila kitu.

"Walipokuja wakubwa kuuliza, nikafumba. Nikafumba mpaka leo, nikashikwa mkono kwenda chooni, nikalishwa, nikaongozwa kanisani. Ottilia alipiga magoti mbele yangu. Nilimwona alivyokonda. Nilimwona machozi yanavyomtoka, na mimi ndiye niliyemlea, nikanyoosha mikono nikampapasa uso kama mtu asiyeona."

Bernadi alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, na suti yake. Mzee Abdulmajid alikuwa amefika mbele, amesimama upande wa pili wa jeneza, kofia mkononi. Mama mkubwa aliweka kiganja juu ya mbao, akainama, na kile alichokisema mwisho alikisema kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa anamwambia aliyelala ndani.

"Ottilia, mwanangu, alikuwa juu ya nyumba yangu. Mimi ndiye niliyemwita. Na mimi ndiye niliyesema sikumwona."